Kupuliza Rangi kwenye Modeli Ndogo kwa Brashi ya Hewa

Brashi ya hewa ni kifaa cha mkononi, kinene kidogo kuliko kalamu ya wino, kinachopasua rangi ya majimaji kuwa ukungu na kuutuma mahali kidole kinapotaka. Ndani yake sindano ndefu imepita katikati ya nozeli na kuliziba tundu lake. Sindano ikirudishwa nyuma kidogo, tundu hufunguka. Upepo unaotoka kwa kasi kuizunguka nozeli huivuta rangi nje, nayo hupasuka kuwa chembe ndogo mno. Mmarekani Charles Burdick alilipatia umbo hilo hataza mwanzoni mwa miaka ya 1890, na kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo.

Wapenzi wa modeli ndogo, yaani ndege, vifaru, magari na vijisanamu vinavyounganishwa kutoka kwenye vipande vya plastiki, huikimbilia brashi hii kwa sababu ya vipimo. Kwenye gari la kipimo cha 1/24, mchirizi wa brashi ya manyoya wenye upana wa nusu milimita ni sawa na mfereji wa milimita 12 kwenye gari halisi, na hakuna gari linalotoka kiwandani likiwa hivyo. Ukungu hulala kwa tabaka jembamba lisiloziba mistari ya milango wala vichwa vya ribiti, na rangi moja inaweza kufifia ndani ya nyingine bila mpaka kuonekana. Hata hivyo brashi ya manyoya haistaafu. Macho ya kijisanamu, vifungo vya koti na vishikio vya milango vitaendelea kupakwa kwa mkono, na anayenunua brashi ya hewa akitarajia ichukue nafasi ya ufundi huo atakuwa amepoteza pesa.

Kifaa chenyewe

Brashi hizi hutofautiana kwanza kwa kitufe. Kwenye brashi ya kitendo kimoja, kubonyeza kitufe huleta upepo na rangi kwa pamoja, na kiasi cha rangi hupangwa kwa skrubu kabla ya kazi. Brashi ya vitendo viwili hutenganisha mambo hayo: kitufe kikibonyezwa chini hutoka upepo mtupu, kikivutwa nyuma rangi huanza kufuata, na kadiri kinavyovutwa ndivyo inavyozidi. Wapo wanaomshauri anayeanza achukue ya kitendo kimoja kwa kuwa ni rahisi. Ushauri huo una gharama yake, maana mkono huzoea tabia ambayo baadaye italazimika kuvunjwa. Ni afadhali kuanza na vitendo viwili na kuvumilia ugumu wa siku za mwanzo.

Tofauti ya pili ni mahali rangi inapokaa. Chupa inayoning'inia chini hubeba rangi nyingi lakini hudai presha kubwa ili rangi ipande. Kikombe kilichoko juu hushusha rangi kwa uzito wake wenyewe, hivyo matone machache na presha ndogo hutosha. Kwa modeli ndogo, kikombe cha juu ndicho kinachofaa.

Tundu la nozeli hupimwa kwa milimita, na yale ya kawaida huwa kati ya 0.2 na 0.5. Anayeanza huvutiwa na 0.2 akidhani udogo wa tundu utampa mstari mwembamba. Kinachompata ni nozeli inayoziba kila mara, hasa kwa praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine, na rangi zenye chembe za metali. Tundu la 0.3 au 0.4 hupuliza praima bila taabu, na mkono uliozoea huweza kulitumia kuchora mstari mwembamba wa kutosha kazi nyingi. Watengenezaji wanaojulikana ni Iwata na GSI Creos wa Japani, Harder & Steenbeck wa Ujerumani na Badger wa Marekani. Zipo pia brashi za bei ya chini zisizo na jina, na baadhi hufanya kazi nzuri. Swali la kuuliza kabla ya kulipa ni moja: je, nozeli na sindano za akiba zinapatikana? Nozeli nyingi hufungwa kwa hesi ndogo sana, na mkono mzito ukizidisha kukaza shingo hukatika. Brashi isiyo na akiba huishia hapo.

Upepo na mahali pa kazi

Kompresa ndogo ya pistoni yenye tangi la lita 3 hivi inatosha. Tangi lina umuhimu wake: bila tangi upepo huja kwa mapigo, na mapigo hayo huonekana kwenye mstari wa rangi. Kompresa ya gereji nayo yafaa, mradi ifungwe regyuleta inayoshusha presha hadi kiwango kidogo na kichujio cha kuzuia mafuta. Vipampu vya kujazia matairi havifai, kwa kuwa haviwezi kushikilia presha moja. Makopo ya gesi iliyobanwa ni ghali na hupoa yanapotumika, presha ikishuka katikati ya kazi.

Presha hupimwa kwa bari au kwa psi. Bari 1 ni kama psi 14.5. Kazi nyingi hufanyika kati ya bari 1 na 1.5. Praima hupenda kukaribia 2, na mistari myembamba hushuka chini ya 1. Geji isomwe wakati kitufe kimebonyezwa na upepo unatoka, kwa sababu namba inayoonekana brashi ikiwa imetulia hushuka mara upepo unapoanza kutembea.

Maji ndiyo adui wa kimyakimya. Hewa inapobanwa, unyevu wake hugeuka matone, na tone moja likipita kwenye mpira hadi kwenye nozeli litatua katikati ya kazi iliyokwisha kuwa nzuri. Mombasa, Tanga, Zanzibar na miji mingine ya pwani hili halikwepeki, kwa hiyo kichujio cha maji kifungwe kati ya kompresa na mpira, na tangi lifunguliwe kwa chini baada ya kila kazi ili maji yatoke. Unyevu huleta taabu nyingine kwa rangi za laka. Thina, kiyeyusho kinachochanganywa na rangi ili iwe nyepesi, inapopaa kwa kasi huupoza uso wa rangi, unyevu wa hewani hugeuka maji juu yake, na rangi iliyokuwa inang'aa hubaki na ukungu mweupe. Dawa ni kusubiri saa kavu za mchana au kutumia thina inayokauka polepole.

Kuhusu afya hakuna njia ya mkato. Rangi ya maji haina harufu kali, lakini ikishapasuliwa kuwa chembe huingia mapafuni sawa na nyingine. Barakoa ya vumbi huzuia chembe peke yake. Mvuke wa laka na inameli hudai barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kazi ifanyike kwenye kibanda chenye feni inayotupa hewa nje ya nyumba, au angalau dirishani, upepo ukivuma kutoka nyuma ya mpulizaji kwenda nje. Mvuke wa laka hushika moto upesi, hivyo jiko, mshumaa na sigara vikae mbali. Rangi za magari zenye kigandishi cha kuchanganya, zile ambazo mafundi wa gereji huongezea kemikali kabla ya kupuliza, hazina nafasi kwenye meza ya nyumbani, kwani nyingi zina isosianeti, inayoweza kuharibu mfumo wa kupumua kwa kudumu.

Rangi: mahali makosa mengi yanapozaliwa

Brashi ikitema, ikiziba au ikitoa chembe kama mchanga, lawama huangukia kifaa. Mara nyingi kifaa hakina kosa. Rangi ilikuwa nzito, au ilichanganywa na thina isiyo yake, na hakuna brashi ya bei yoyote itakayotibu hilo. Ndiyo maana kujifunza uzito wa rangi kunatangulia kujifunza kuchora.

Rangi za modeli zina koo zake. Akriliki za maji, kama Vallejo ya Hispania, hazina harufu kubwa, lakini hukauka kwenye ncha ya sindano upesi na ngozi yake hubanduka kirahisi. Akriliki za Tamiya zimetengenezwa kwa kiyeyusho chenye alkoholi. Hupulizika vizuri na husamehe. Laka, kama Mr. Color ya GSI Creos, ndizo zinazolala laini kuliko zote na kushika plastiki kwa nguvu, ila mvuke wake ni mkali. Inameli, ambazo Humbrol ya Uingereza ilijulikana kwazo, hukauka polepole na leo hutumika zaidi kwa kuchakaza modeli kuliko kwa rangi ya msingi. Kila ukoo una thina yake. Vallejo ikichanganywa na alkoholi huganda kuwa mavimbe kama ya mpira ndani ya nozeli, na kuyatoa ni kazi ya jioni nzima.

Kipimo kinachosemwa mara nyingi ni kwamba rangi iwe nyepesi kama maziwa mabichi. Namna ya kukagua ni kuichota kwa kijiti na kuipandisha kwenye ukuta wa ndani wa kikombe: ikiteremka yote ikaacha utando mwembamba unaopitisha mwanga, iko tayari, ikiteremka kwa uvivu na kuacha ukuta umezibwa, bado ni nzito, ikikimbia bila kuacha alama, imezidi kuwa maji. Kwa Tamiya, sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 1 ya thina ni mwanzo mzuri, na laka zinaweza kufika 1 kwa 2. Rangi zilizoandaliwa kwa brashi ya hewa, kama Model Air ya Vallejo, hudai thina kidogo tu, lakini mara nyingi hudai; maneno ya kwenye chupa kwamba ziko tayari yasiaminiwe kabla ya kijiti.

Thina itangulie kuingia kikombeni, rangi ifuate. Rangi nzito ikitangulia huteremka hadi kwenye nozeli na kukaa pale bila kuchanganyika, na mpulizo wa kwanza hutoka ukiwa madoa.

Uzito wa rangi, presha na umbali hufanya kazi kwa pamoja, na kugusa kimoja kunavisogeza vingine. Rangi nyepesi hutaka presha ndogo na mkono wa karibu. Presha ikibaki kubwa, upepo huisukuma rangi iliyokwisha tua na kuifanya itambae kama miguu ya buibui. Rangi nzito hutaka presha zaidi. Mkono ukiwa mbali sana, chembe hukauka zikiwa njiani na kutua kama vumbi la chokaa. Kwa kufunika eneo pana, sentimita 7 hadi 10 hutosha. Kwa mistari, sentimita 1 hadi 3. Anayepata taabu abadilishe kitu kimoja kwa wakati. Akibadilisha vyote kwa pamoja hatajua kilichomsaidia.

Kuuzoeza mkono

Karatasi ngumu, maboksi yaliyokunjuliwa na vijiko vya plastiki ndiyo madaftari ya ufundi huu. Kazi ya kwanza kabisa haina picha: ni kubonyeza kitufe chini, kusubiri upepo utoke, kuvuta nyuma hadi rangi itoke, kusukuma mbele hadi rangi ikome, kisha ndipo kuachia upepo. Upepo hutangulia na upepo humaliza. Anayeachia kitufe kwa ghafla akiwa bado amekivuta nyuma huacha rangi kwenye ncha ya nozeli, na mpulizo unaofuata huanza kwa kutema mate.

Baada ya hapo huja vitone. Karatasi hupigwa mistari ya miraba kwa penseli, na kila makutano hupata kitone kimoja, vyote vikiwa sawa kwa ukubwa. Zoezi hili linachosha na halina sifa, lakini ndilo linalofundisha kidole kuvuta kwa unywele. Kisha mistari: mkono huanza kutembea kabla rangi haijatoka na huendelea kutembea baada ya rangi kukoma, vinginevyo kila mstari utakuwa na kichwa na mkia vilivyovimba. Mwendo utoke kwenye kiwiko na bega, kifundo cha mkono kikiwa kimetulia, ili umbali usibadilike. Mstari unaoanza mnene mbali na uso na kumalizika mwembamba karibu yake ni zoezi la juu zaidi, kwa kuwa umbali na kuvuta kitufe hubadilika kwa wakati mmoja. Mwisho ni kujaza mraba kwa rangi iliyo sawa kote kwa kupitisha mikanda inayopandana nusu kwa nusu.

Vijiko vya plastiki huja baadaye kwa sababu vina mbonyeo na mgongo kama boneti na paa la gari. Rangi iliyotii kwenye karatasi huteremka kwenye kijiko, maana plastiki hainywi. Hapo mwanafunzi hugundua ukweli ambao karatasi ilimficha: tabaka la kwanza lisifunike. Liwe jepesi kiasi cha kuacha plastiki ionekane, likauke dakika chache, kisha la pili na la tatu. Kutaka kufunika kwa mpulizo mmoja ndiko kunakoleta machozi ya rangi kwenye kingo.

Kifaru: modeli inayosamehe

Modeli ya kwanza ya kweli ikiwa kifaru cha kipimo cha 1/35, mwanafunzi amejipunguzia taabu. Kipimo hicho hakikuchaguliwa kwa hesabu ya kupendeza. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilipotoa kifaru cha Panther mwanzoni mwa miaka ya 1960, ukubwa ulipangwa ili mota na betri vipate nafasi ndani, na dunia nzima ya modeli za kijeshi ikafuata.

Kifaru cha Kijerumani cha 1943 hadi 1945 kinafaa zaidi kwa sababu chenyewe kilipulizwa. Amri ya Februari 1943 iliagiza magari ya kivita yatoke kiwandani yakiwa na rangi ya manjano iliyokolea, ambayo sasa hutajwa kwa namba RAL 7028. Wanajeshi walipewa makopo ya rangi nzito ya kijani cha zeituni, RAL 6003, na kahawia nyekundu, RAL 8017, wakaziyeyusha kwa maji au petroli na kuzipuliza wenyewe kwa mashine. Mistari ikatoka na kingo laini, isiyofanana kifaru kwa kifaru. Mkono wa mwanafunzi unaoyumba kidogo hausemi uongo hapa. Ukingo wa ukungu wenye upana wa milimita 2 kwenye modeli ni sentimita 7 kwenye kifaru halisi, na hicho ndicho kipimo cha mashine ya kupuliza.

Modeli huoshwa kwanza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kwa kuwa plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kalibu, na vidole navyo huongeza ya kwao. Ikikauka hupulizwa praima nyeusi au kijivu kilichokolea, ikifika hadi chini ya vikinga-matope na ndani ya pembe. Kisha huja hatua ambayo wengi huiruka ilhali ndiyo inayoipa modeli uhai: rangi nyeupe au kijivu cheupe hupulizwa kutoka juu tu, kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, kuzunguka pande zote. Sehemu zinazotazama mbingu hupata mwanga, zilizojificha hubaki nyeusi. Kitu kidogo hakipati mwanga wa kutosha kujitengenezea vivuli vyake chumbani, kwa hiyo huvichorewa. Mtu aliyekulia karibu na ikweta atashawishika kupuliza wima kabisa, kama jua la saa sita mchana. Kwa kifaru cha Normandia, ambako jua husimama chini zaidi, mshazari ndio wenye haki.

Manjano hupulizwa juu yake kwa tabaka nyepesi, na mkono ukome kabla vivuli havijazama. Tamiya XF-60 hutumika sana kwa kazi hiyo. Tone la rangi nyeupe likiongezwa kikombeni, katikati ya kila bamba huweza kung'arishwa kidogo. Mistari ya kijani na kahawia huchorwa kwa presha ya chini ya bari 1, rangi ikiwa nyepesi kuliko kawaida, mkono ukiwa sentimita 2 kutoka kwenye modeli. Kila mstari huanzia mahali pa siri, nyuma au chini ya mnara, ili kasoro za mwanzo zisikae usoni. Vumbi la rangi likitapakaa nje ya mstari, manjano hurudishwa juu yake. Kurekebisha kwa kurudi nyuma hivi ni sehemu ya kawaida ya kazi.

Kabla ya stika za maji, vanishi ya kung'aa hupulizwa ili stika isinase hewa chini yake na kuonyesha ukingo wa fedha. Rangi nyembamba ya inameli, kahawia iliyokolea, huingizwa kwenye mitaro na kuzunguka ribiti. Haiyeyushi akriliki iliyo chini. Vanishi isiyong'aa hufunga kazi.

Gari la Safari: modeli isiyosamehe

Rangi inayong'aa huanika kila punje ya vumbi na kila tone, ndiyo maana gari huja baada ya kifaru. Mfano mzuri, na wenye damu ya Afrika Mashariki, ni Datsun 240Z iliyoshinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller: gari jekundu lenye boneti nyeusi isiyong'aa, rangi iliyozuia mwako wa jua usimrudie dereva machoni. Aina hiyo ya gari ilirudi kushinda mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Modeli zake za 1/24 hutengenezwa Japani.

Nyekundu ni rangi inayopitisha mwanga, na kilicho chini yake huonekana. Juu ya praima ya kijivu hutoka kama tofali. Juu ya nyeupe huwaka. Juu ya waridi hukolea bila kudai tabaka nyingi. Praima husuguliwa kwa msasa wa maji wa namba 1500 au zaidi mpaka ishike ulaini, kwa sababu rangi ya kung'aa haifichi mkwaruzo, huuonyesha. Tabaka mbili za nyekundu hupulizwa kama ukungu, kisha ya tatu hupigwa ikiwa imelowa, thina ikiwa nyingi na mkono ukitembea polepole kidogo, hadi uso uonekane kama maji yaliyotulia. Sekunde moja zaidi na rangi hutiririka. Mpaka huo haufundishiki kwa maneno. Vijiko vya plastiki ndivyo vinavyoufundisha, na mwenye busara huweka kijiko kando ya gari na kukipuliza kwanza kila mara. Baada ya hapo gari hufunikwa na boksi safi likauke bila vumbi.

Boneti hudai ukingo mkali. Tepu ya kufunikia, ile nyembamba ya modeli, hubandikwa kwenye mstari wa boneti na kukandamizwa kwa kijiti cha meno, na mwili uliobaki hufungwa kwa karatasi. Kabla ya nyeusi, tabaka jepesi la vanishi angavu hupulizwa juu ya ukingo wa tepu. Likipenya chini ya tepu halionekani, na njia zote ambazo nyeusi ingepenyea huwa zimezibwa. Nyeusi ipulizwe kutoka juu ya tepu kuelekea boneti, kamwe isiwe kinyume chake. Tepu ing'olewe mapema, ikikunjwa nyuma juu ya mgongo wake.

Gari la Safari lililo safi ni gari ambalo halijaondoka Nairobi. Vumbi lake ndilo brashi ya hewa inaloliweza kuliko kifaa kingine chochote. Rangi hupunguzwa mno, sehemu 1 kwa 8 au 10 za thina, na kupulizwa kwa presha ndogo. XF-57 ya Tamiya ni vumbi la njia kavu, nayo ikiongezwa kahawia nyekundu XF-64 inakaribia udongo wa upande wa Tsavo. Vumbi huanza nyuma ya magurudumu, hupanda milangoni likififia, na hulala zito kwenye mkia wa gari, kwa kuwa hewa inayozunguka nyuma ya gari lililo mbioni huyavuta mavumbi yote pale. Vipande vya tepu vilivyokatwa kwa umbo la tao hubandikwa kwenye kioo cha mbele. Vumbi likishapulizwa vipande hivyo huondolewa, na njia za waipa hubaki safi. Kazi hii ifanyike juu ya vanishi ya laka iliyokauka kabisa, ili vumbi likizidi lifutwe kwa pamba yenye thina ya akriliki bila kuidhuru nyekundu.

Kuosha

Kati ya rangi na rangi, kikombe hufutwa, thina hutiwa na kupulizwa kwenye chupa ya taka hadi itoke safi. Kisha ncha huzibwa kwa kitambaa huku kitufe kikivutwa polepole, upepo urudi nyuma na kuchemka kikombeni ukiibua rangi iliyojificha. Mwisho wa siku, nati ya kushikia sindano hulegezwa, sindano huvutwa nje na kufutwa kwa kitambaa chenye thina kutoka kwenye shina kuelekea nchani, kamwe si kurudi. Nozeli hufunguliwa na kuloweshwa peke yake. Brashi nzima isizamishwe kwenye thina ya laka wala asetoni, kwa sababu wosha za mpira huvimba na kuoza. Waya usiingizwe kwenye nozeli. Tundu lake likikwaruzwa halinyooki tena.

Kasoro na chanzo chake

Mapovu kikombeni yanamaanisha upepo unapenya nyuma kwenye njia ya rangi, nayo hutokana na nozeli isiyokazwa sawasawa, iliyopasuka, au kofia ya mbele iliyolegea. Rangi ikitoka bila kitufe kuvutwa, sindano haijafika mwisho wake. Kitufe kikivutwa na upepo ukatoka mtupu, rangi imeganda kwenye nozeli au tundu la kifuniko cha kikombe limeziba. Uso wenye vinundu kama ganda la chungwa hutokana na rangi nzito au presha ndogo mno kwa uzito huo. Nguvu ya rangi ikififia polepole katikati ya kazi, akriliki imekauka kwenye ncha. Pamba yenye thina hupitishwa juu yake kila baada ya dakika chache, na tone la kichelewesha kukauka huongezwa kikombeni.

Mpulizo unaopinda upande mmoja au kutawanya madoa ni dalili ya sindano iliyopinda, ajali ya kawaida kuliko zote, kwani ncha hugonga meza au kikombe wakati wa kuosha. Mpindo mdogo hunyooshwa kwa kulaza ncha juu ya kioo na kuiviringisha huku kidole kikiikandamiza kidogo. Iliyofanya ndoano ibadilishwe, na nozeli nayo ikaguliwe kwa lenzi kabla ya kurudishwa, kwa kuwa sindano iliyopinda ikisukumwa ndani hupasua mdomo wake.